Kimbia Huku Ukiongea

Jumapili, 14 Septemba 2025

Jana tulimwosha Swalha. Leo ameondoka uwanja wa ndege wa Baiyun, hapa Uchina, kurudishwa nyumbani kwa ndege ya mizigo. Jaffari, mwenyekiti wetu wa Watanzania wa hapa, amenipigia simu kuniambia kila kitu kimepita salama. Alhamdulillahi.

Alikuwa akinunua nguo za watoto za kwenda kuuza nyumbani. Alianguka kwenye ngazi za soko la Shahe, furushi begani. Waliokuwa nyuma yake walidhani ameteleza, wakamcheka kidogo, kisha wakaacha kucheka.

Niliyoyaona mwilini mwake siyaandiki hata humu. Ni amana. Mwosha akitoka, aliyoyaona anayaacha mle ndani. Lakini niliyoyaona kwangu ni yangu, naweza kuyaandika: nilipoinuka kutoka kwenye miguu yake nilishika ukuta. Pumzi zilikuwa zimekwisha. Na nilikuwa nimeinama tu! Swalha alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, Jaffari alisema, "Bi Sihaba, Mungu akuweke. Tukikukosa wewe, upande wa wanawake hatuna mwingine." Aliniombea dua tu, maskini. Mimi nikasikia lile la pili. Hatuna mwingine. Wako Waislamu wa Kichina, watu wema, wangeniosha kwa huruma. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayejua naitwa nani. Dada zangu wako Tanga.

Kuluthumu alikuwa kiti cha nyuma. Huyu ni binti wa Tabora, anasoma shahada ya pili ya lishe hapa kwenye kisiwa cha vyuo vikuu, ninapofundisha Kiswahili. Hunisaidia kubeba ndoo mpaka mlangoni. Haingii. Anaogopa maiti na hafichi. Tuliposhuka na kufika mlangoni kwangu akasema, "Mwalimu, umepanda ngazi tatu tu, unahema. Tukimbie."

Nikamwambia nina miaka sitini na moja. Akasema kuna mbio Desemba, kilomita kumi, kuzunguka kisiwa hikihiki. Mtu akiwa na tarehe haachi njiani, akasema.

Nimekubali. Si kwa ujasiri. Kwa woga.

Jumatano, 17 Septemba

Mara ya kwanza. Baada ya sala ya alfajiri, barabara ya mzunguko, miti imeinama, joto tayari.

Nilidhani kukimbia ni kutembea kwa haraka. Sivyo. Anayetembea daima ana mguu mmoja chini. Anayekimbia kuna nukta ambayo hana mguu wowote ardhini. Nukta hiyo ndiyo ninayoiogopa. Miaka sitini nimekuwa nikigusa ardhi muda wote.

Kuluthumu ana kanuni moja tu: kimbia huku ukiongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, punguza. Nikamwambia sawa. Kisha nikataka kumuuliza kama bado mbali. Ikatoka "Ku—" na basi.

Kina mama wa Kichina wanaocheza dansi na pepeo zao za mkononi pale uwanjani walisimamisha muziki. Jiayou, jiayou! Ndivyo wanavyomtia mtu moyo. Mmoja alinikimbilia na chupa ya maji ya moto. Maji ya moto, joto hili! Kwao hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa maji ya moto. Nikayanywa. Nilikuwa tayari kunywa chochote.

Tulifika kwenye kituo cha pili cha basi. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Judica amenitembelea. Ni Mchaga, ananunua jeans kwenye soko la Xintang, mwanamke wa maneno. Kaniletea suruali pana ya mazoezi na blauzi ndefu inayofika magotini, ya kitambaa chepesi, ili nikimbie nikiwa nimejistiri. Anasema mwenye duka alimuuliza ni ya nani. Akamwambia ni ya bibi mmoja, bingwa mstaafu. Yule bwana akaongeza soksi jozi mbili za bure, kwa heshima.

Nikamwambia amedanganya. Akasema hapana, amesema bingwa, hakusema wa nini.

Halafu akanitazama nikijaribu kuvaa viatu, nimekaa kitandani, mguu mmoja juu ya goti, natweta. "Dada Sihaba, ukianguka, hii blauzi usiichane. Naiuza tena." Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo zaidi ya ilivyostahili. Neno kuanguka halijakaa vizuri kwangu tangu Shahe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sikukuu yao ya mwezi. Jirani kagonga na keki nne za mwezi, nzito kama matofali. Kiini cha yai. Nilikula nusu, nikaenda kukimbia, kosa la kitoto.

Nililotaka kuandika ni hili. Karibu na daraja, moyo ulijikwaa. Sijui neno jingine. Ulikuwa unakwenda, ukakosa kidogo, kisha ukagonga mara moja kwa nguvu mpaka kooni, ukaendelea. Kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Kuluthumu alikuwa mbele, hakuona. Sikusema.

Huenda ni keki.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sasa naweza kuongea nikikimbia, mradi mwendo uwe wa kobe. Shida ni maneno. Wiki ya kwanza nilimfundisha Kuluthumu ngeli zote, maana ndizo ninazozijua kama kiganja changu. Wiki ya pili nikampa mizani na vina. Leo asubuhi akasema kwa adabu kubwa kwamba ngeli anazijua tangu shule ya msingi, Mwalimu, labda kitu kingine.

Kitu gani kingine ninakijua, cha kueleza kwa utaratibu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila kufikiri? Nikaanza kumweleza kuosha maiti.

Nilimwambia: kwanza mfunike, kitovu mpaka magoti, usimwache wazi hata kidogo. Zungusha kitambaa mkononi. Mnyanyue mabega kidogo, bonyeza tumbo polepole, polepole sana, kama unabonyeza tumbo la mtoto mchanga. Kuluthumu akaongeza mwendo. Nikadhani amechangamka. Kumbe alikuwa ananikimbia.

Nikamwita nikamuuliza kama niache. Hakugeuka. Aliendelea mpaka taa za barabarani zilipozimika, kisha akapunguza, akanisubiri. Akasema kwa sauti ndogo, "Baada ya tumbo?"

Jumapili, 2 Novemba

Leo tumezunguka nusu ya kisiwa bila kusimama. Mimi! Hewa imepoa, joto la Septemba limekwisha, na magoti yamezoea kulalamika bila kunizuia.

Katika somo letu la kuosha tulifika kwenye maji. Majani ya mkunazi kwanza, karafuu maiti mwisho, idadi iwe witiri, mara tatu au tano. Upande wa kulia kabla ya wa kushoto. Nikamweleza pia adabu: usimtaje mtu kwa aibu yake. Ukiona kovu, uvimbe, chochote, ukitoka ufunge mdomo. Ukiona uso wake umetulia, hilo waweza kuwaambia wenyewe wafurahi. Jingine lolote unalimeza.

Akauliza kama nimewahi kusema. Nikamwambia sijawahi.

Ndipo akaniambia anachoogopa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, bibi yake alifariki Tabora, wakamwinua ambusu kwenye paji la uso. Si maiti, anasema. Ni ile baridi. Midomo ilijua kabla yake.

Sikumpa hotuba. Natamani ningeweza kumwambia kwamba huzoeleka. Haizoeleki. Mikono inazoea kazi, baridi inabaki baridi. Nikamwambia hivyo tu, na tukaendelea mpaka langoni.

Kwa nini namfundisha? Najidai ni ili tuwe na cha kuongea. Uongo huu nimeuandika ili niuone. Namfundisha kwa sababu naogopa.

Ijumaa, 21 Novemba

Moyo umejikwaa mara mbili leo. Ya pili ilikuwa ndefu. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikasema kamba ya kiatu imefunguka. Haikuwa imefunguka. Nikaifungua ili niifunge.

Kuluthumu alisubiri. Kama alijua, hakuonyesha.

Kwenda hospitali? Nieleze kwa nini siendi, labda nikiandika nitaona upumbavu wake. Moja, wakiniambia usikimbie, narudi kuwa yule aliyeshika ukuta. Mbili, wakiniambia kimbia tu, sitawaamini. Basi kila jibu linaniogopesha, na asiyeuliza hajibiwi.

Naam. Ni upumbavu.

Jumamosi, 6 Desemba

Kuluthumu alisema maneno ameyashika, mikono haijui. Anataka kufanya kwa vitendo, kwa mtu aliye hai. Nami nilikuwa nikilisubiri hilo tangu Oktoba bila kuthubutu kulisema.

Judica alijitolea. Nikamwambia yeye ni Mkristo. Akasema maiti ya mazoezi haina dini. Akalala juu ya meza yangu ya chakula, khanga juu yake, macho kafumba. Kuluthumu alipomgusa mkono tu, Judica akaanza kutetemeka kwa kicheko, meza nayo. Tukaanza tena. Akauliza, macho bado kafumba, kama mkimaliza mnapaka na losheni, maana huku hewa imekuwa kavu. Nikamfukuza jikoni akapike wali.

Kwa hiyo nikalala mimi.

Siku zote nimekuwa nikisimama. Sikujua dari inaonekanaje kutoka pale. Nilifumba macho. Kuluthumu alisema Bismillahi, na sauti yake haikutetemeka. Alinifunika vizuri. Alizungusha kitambaa. Mnyanyuo wa mabega ulikuwa wa ghafla, nikamwambia polepole, akasema maiti hasemi, Mwalimu. Sawa. Nikanyamaza.

Kichwa. Shingo. Bega la kulia, mkono wa kulia, mpaka kiganjani. Hatukutumia maji, kitambaa kikavu tu. Nilisikia Judica akiimba jikoni. Nilikuwa karibu kulala, kwa kweli. Nilifikiri: itakuwa hivi. Si vibaya.

Kisha mkono wake ukapita kifuani, kuelekea upande wa kushoto, ukasimama.

Ukakaa pale. Kitambaa, na chini ya kitambaa kiganja chake. Nami nikausikia, kutoka ndani, wakati yeye anausikia kutoka nje: ukaenda, ukaenda, ukakosa. Ukagonga. Ukaenda. Ukakosa tena.

Nilifumbua macho. Alikuwa ananitazama. Aliendelea na upande wa kushoto, vizuri, kwa utaratibu, mpaka vidole vya miguu.

Tulikula wali. Judica alisema mbona maiti na mwosha wote wamenuna.

Jumapili, 7 Desemba

Tumekimbia. Mwendo mfupi. Hakuna aliyeongea, na kanuni ni yake!

Jumanne, 9 Desemba

Nimekaa siku mbili nikimsubiri aseme. Leo nikaelewa kwa nini hasemi.

Nilimkuta kwenye ngazi za maktaba, kikombe cha chai mkononi kimepoa. Nikakaa. Nikamwambia, "Mwanangu, sema ulichokiona."

Akasema, "Umenifundisha nisiseme."

"Hiyo ni kwa waliokufa."

"Ulikuwa umelala pale, Mwalimu. Nimekuosha. Sijui nikuhesabu wapi."

Hapo akalia, na mimi nilikuwa sijui niweke wapi mikono. Nilimwambia mimi niko hai, tena nina njaa, tena moyo huu naujua tangu Oktoba. Hilo la mwisho lilimkasirisha. Vizuri, hasira inakausha machozi. Alinisema. Binti mdogo vile kunisema mimi, katikati ya wanafunzi wanaopita, kwa heshima zote, Mwalimu hivi, Mwalimu vile, lakini alinisema kweli. Kwamba nimemfanya akimbize mgonjwa miezi miwili bila yeye kujua. Kwamba ningeanguka mbele yake barabarani, na baada ya hapo yeye ndiye angeingia chumbani na ndoo, peke yake, mara yake ya kwanza, kwangu.

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilikuwa nimefikiria nitaoshwa na nani. Sikufikiria yeye atamwosha nani.

Ijumaa nina miadi hospitali. Ameipanga yeye kwa simu, hapo hapo.

Ijumaa, 12 Desemba

Hospitali. Foleni, namba, foleni nyingine. Daktari ni mwanamke kijana, Kuluthumu akitafsiri. Walinilaza, wakanichora moyo kwa mashine. Kwa dakika ile moja moyo ulikwenda kama mwanafunzi bora wa darasa. Bila shaka!

Kwa hiyo wamenifunga mashine ndogo. Nieleze: ni kama kiberiti, inaning'inia shingoni, nyaya zake zimebandikwa kifuani. Inausikiliza moyo usiku na mchana na kuandika kila pigo. Nikisikia umejikwaa, nabonyeza kitufe. Kesho alasiri naivua, daktari anaisoma, ananiambia kama Jumapili, siku ya mbio, nikimbie au nikae.

Masharti mawili. Niishi kama kawaida, nipande ngazi, nikimbie kidogo, maana moyo ukitulia mashine haitaona kitu. Na isiingie maji. Hata tone.

Tulikuwa kwenye treni, kurudi, Jaffari akapiga. Mama mmoja wa Lamu, aliyekuwa akitibiwa tangu wiki iliyopita, amefariki. Ana mwenzake wa chumba tu hapa. Kumwosha kesho asubuhi. Nikasema tutakuja, kama ninavyosema siku zote, na nilipokata simu mkono wangu uligusa ile mashine.

Nilimtazama Kuluthumu. Alikuwa anaangalia ramani ya vituo juu ya mlango kana kwamba hajawahi kuiona. Vituo vitatu vikapita.

"Nitamwosha mimi," akasema. "Mwenzake atanimiminia maji."

Nikamwambia nitasimama pembeni, mbali na maji, nimwelekeze. Akakataa. Anasema nikiwamo ndani atanitazama mimi, hatamtazama mama wa watu. Nikae nje. Akikwama ataniita.

Sijawahi kukaa nje.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandikia ukumbini, nje ya chumba cha kuoshea maiti. Kiti cha plastiki, mlango wa bluu mbele yangu, mlinzi mezani kwake mwisho kule. Jaffari yuko nje na wanaume.

Kuluthumu aliingia na ndoo mbili. Mlangoni alisimama. Niliona bega lake likipanda na kushuka mara moja. Nilikuwa na mambo kama thelathini ya kumwambia. Mlango ukafungwa.

Kimya. Kisha maji. Maji ya kwanza ni mengi, yanasikika mpaka huku, yanapiga sakafu na kukimbilia kwenye tundu. Nimeyasikia maisha yangu yote kutoka upande ule. Kutoka huku yana sauti nyingine kabisa.

Moyo umejikwaa. Nimebonyeza.

Daktari alisema nisikae tu. Nimetembea mpaka kwenye meza ya mlinzi na kurudi. Tena. Mara ya tatu miguu ikaanza yenyewe, ule mwendo wangu wa kobe, viatu vya mazoezi, blauzi ya Judica, buibui juu yake, pindo nimelikunja mkononi. Mlinzi ameinuka nusu. Ameketi. Sijui atakwenda kumwambia nini mke wake leo.

Nikawa naongea. Chinichini, nikikimbia ukumbini, nikimfuata kwa maneno huko ndani: sasa kichwa, sasa shingo, upande wa kulia. Sentensi nzima nzima. Pumzi zinatosha. Ninachosema kinakwenda sawa na maji ninayoyasikia, au nataka iwe hivyo.

Nimekaa kuandika haya tu.

Maji yamesimama.

Hapa ni pa kumgeuza. Kumgeuza kunataka watu wawili, na yule mwenzake wa chumba ni mwembamba, na mwili uliolowa unateleza, hilo sikumwambia. Ngeli zote zile nilizomwambia, na hili sikumwambia! Ninaweza kusimama sasa, nigonge. Hatua tano. Nyaya nizishike juu kwa mkono mmoja.

Bado kimya. Hajaita.

Alisema ataniita.

Umejikwaa tena, mara mbili. Nimebonyeza. Mlinzi ananiletea kikombe cha maji ya moto, anatembea polepole asiyamwage. Nimemwonyesha kwa mkono asubiri. Nimesimama. Sigongi. Uso wangu uko mlangoni, daftari bado mkononi, na miguu imeshaanza kwenda upande mwingine, kuelekea mwisho wa ukumbi—